Kitovu cha Kila Paa

Nchi iliyo mashariki ya mto Tana, kutoka Garissa hadi Wajir na Mandera, ni pana sana. Ukubwa wake wapita kilomita za mraba 120,000, na wengi wa wenyeji wake tangu zamani ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua yake ni chache, na hata inyeshapo hainyeshi mahali pote kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo mfugaji hana budi kuyafuata majani yalipoota na maji yalipotuama. Nyumba yake ya jadi ni fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Asubuhi hubomolewa, hupakiwa juu ya ngamia, na jioni husimamishwa mahali pengine. Nyumba ya namna hii ni hekima kubwa kwa mwenyewe, lakini ni taabu kwa mtu aliyetumwa na serikali, daftari mkononi, aje kuhesabu watu na mifugo.

Taabu hiyo imezaa ugomvi mkubwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999, mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, ulipata watu 962,143. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, jumla ikawa 2,310,757. Serikali ilishangaa, kwa maana ongezeko hilo lilipita kiasi kinachoweza kuelezwa kwa kuzaliwa na kufa peke yake. Tarehe 31 Agosti 2010, Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kuwa matokeo ya wilaya nane za kaskazini mwa Kenya yamefutwa, na mojawapo ya wilaya hizo ilikuwa Lagdera, iliyokuwa katika eneo la Garissa. Watu wa huko hawakukubali, na shauri likaenda mahakamani. Hesabu ya mwaka 2019 ilipofika, kaunti ya Mandera, iliyokuwa imeandikiwa watu 1,025,756 mwaka 2009, iliandikiwa 867,457. Garissa ikapata 841,353 na Wajir 781,263. Matokeo hayo nayo yalipelekwa mbele ya mahakimu.

Mtu asidhani kwamba watu hawa waligombania tarakimu kwa ajili ya fahari. Kanuni ya kwanza ya kugawanya fedha baina ya kaunti za Kenya, baada ya Katiba ya mwaka 2010, iliweka sehemu 45 katika kila 100 zigawanywe kwa kufuata wingi wa watu. Mtu asiyehesabiwa hapunguzi jumla tu. Hupunguza dawa katika zahanati, madawati katika shule, na maji katika kisima. Na mtu aliyehesabiwa mara mbili huchukua, bila kujua, sehemu ya mtu wa mahali pengine.

Kwa hiyo swali moja limeulizwa mara nyingi: je, haiwezekani kuitazama nchi kutoka juu, kuipiga picha, na kuhesabu kila kilichomo katika picha hiyo? Insha hii yaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa hatua kwa hatua, kutoka ndege ndogo hadi setilaiti, na kutoka jicho la mtu hadi amri za kompyuta. Katika kila hatua tutakuta kazi ile ile: kukipatia kila kitu nukta moja katikati yake, isiwe mbili wala isikosekane.

Wa kwanza kuhesabiwa kwa njia hii hawakuwa watu bali wanyama. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliunda kitengo cha kuchunguza nyanda za malisho, ambacho baadaye kilikuwa idara ya upimaji wa rasilimali. Ndege ndogo iliruka chini, kiasi cha mita 120 juu ya ardhi, ikifuata mistari iliyonyoka. Kando ya ndege kulifungwa vijiti viwili, na mtazamaji aliyeketi nyuma aliwahesabu wanyama walioonekana baina ya vijiti hivyo tu. Hivyo macho yake yalipita juu ya ukanda wa nchi wenye upana unaojulikana. Akikutana na kundi dogo, alilihesabu kwa jicho. Kundi likizidi wanyama kumi, alilipiga picha, na picha hiyo ilikaguliwa baadaye chini ya hadubini na mtu mwingine aliyetulia, asiyetikiswa na upepo.

Hebu tufikiri mtu huyo alikuwa akifanya nini. Mbele yake pana picha yenye madoa mia mbili. Akiwahesabu ng'ombe kwa macho matupu, atasahau alipoanzia. Kwa hiyo njia ya salama ni kutia alama juu ya kila mnyama. Alama hiyo aitie wapi? Akiitia mara kwenye pembe, mara kwenye mkia, wanyama wawili waliogusana watachanganyika. Tena pana jambo la mpaka: ng'ombe aliyesimama juu ya mstari, kichwa ndani na mkia nje, ahesabiwe au aachwe? Nusu ya ng'ombe haihesabiki. Ikiwa kila mnyama amewakilishwa na nukta moja iliyo katikati ya mwili wake, shauri limekwisha: nukta ikiwa ndani ya mpaka, mnyama yumo, ikiwa nje, hayumo. Wala hawezi kuhesabiwa katika picha hii na tena katika ile ya jirani, kwa maana nukta haina upana wa kukaa pande mbili.

Makosa madogo hapa huwa makubwa baadaye. Ndege haipiti juu ya nchi yote. Hupita juu ya kanda chache, na hesabu ya kanda hizo huongezwa kwa kuzidisha. Tuseme kanda ni sehemu moja ya ishirini ya nchi: basi kila ng'ombe mmoja aliyesahauliwa huwa ng'ombe ishirini waliokosekana katika jumla. Kwa mnyama kama hirola jambo hili ni la uhai na kifo. Hirola ni paa wa rangi ya kahawia, mwenye mstari mweupe unaokwenda kutoka jicho hadi jicho, na makao yake ya asili ni nchi ya Garissa na ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Katika miaka ya 1970 alikadiriwa kuwa na idadi ipitayo 10,000. Katika karne hii amebaki chini ya 500. Kama si hesabu zilizofanywa kutoka angani, kupungua huko kungebaki uvumi wa wachungaji. Hesabu ndizo zilizowapa wenyeji wa Ijara na wenzao hoja ya kutenga hifadhi ya Ishaqbini, ambamo mwaka 2012 hirola 48 walikusanywa ndani ya ua ili wazaane kwa usalama.

Sasa tuiache ndege kidogo, tuiangalie mashine. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitia picha ndani ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa picha ya mtoto wake mchanga, nayo iligawanywa katika vijisanduku 176 kwa upana na 176 kwa urefu, yaani vijisanduku 30,976 kwa jumla. Vijisanduku hivyo huitwa pikseli. Kwa mashine, picha si uso wa mtoto wala kundi la ng'ombe; ni jedwali la tarakimu, kila tarakimu ikieleza weupe wa kijisanduku kimoja. Mtu atazamapo picha ya kijiji huona nyumba mara moja, kabla hata hajafikiri. Mashine haina neema hiyo. Lazima iambiwe kwa amri, moja baada ya moja, jinsi ya kutoka kwenye tarakimu hadi kwenye nyumba.

Amri ya kwanza ni ya kutenganisha. Tuchukue picha ya kijiji kilichopigwa kutoka juu: mapaa ni meupe, na mchanga wa Garissa ni mwekundu uliokoza. Twachagua kiwango kimoja cha weupe, kama kizingiti cha mlango. Pikseli iliyo juu ya kizingiti twaiandikia 1, yaani ni paa, na iliyo chini yake twaiandikia 0, yaani ni ardhi. Kizingiti kikiwa chini mno, mchanga uliopaushwa na jua utaitwa paa. Kikiwa juu mno, paa lililochakaa litapotea. Mwaka 1979 mtaalamu wa Japani, Nobuyuki Otsu, alionyesha jinsi mashine iwezavyo kujichagulia kizingiti yenyewe, kwa kutafuta kiwango kinachoyatenga vizuri zaidi makundi mawili, la weupe na la weusi.

Amri ya pili ni ya kutoa majina. Mwaka 1966 Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walieleza njia ambayo mashine huisoma picha mstari kwa mstari, kama msomaji asomavyo ukurasa. Ikutanapo na pikseli ya paa isiyogusana na nyingine iliyokwisha kusomwa, huipa namba mpya. Ikigusana na jirani mwenye namba, huipa namba ya jirani. Wakati mwingine matawi mawili yaliyopewa namba mbili hukutana chini, kama ndugu wawili wanaotambua kwamba babu yao ni mmoja. Ndipo mashine huandika kwamba namba hizo ni za ukoo mmoja, na katika usomaji wa pili huwapa wote jina moja. Mwisho wa kazi, kila kipande cha weupe kina namba yake, na idadi ya namba zilizobaki ndiyo hesabu ya vipande.

Amri ya tatu ni ya kutafuta kitovu. Hapa twakutana na elimu ya kale sana, kwa kuwa Archimedes, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiye aliyefundisha jinsi ya kupata mahali ambapo umbo bapa likiegemezwa husimama sawa bila kulalia upande. Kwa mashine, kazi hiyo ni wastani tu. Jumlisha namba za mistari ya pikseli zote za paa, gawanya kwa idadi ya pikseli. Fanya vivyo hivyo kwa namba za safu. Kama paa limechukua mistari ya 10 na 11, na safu za 4, 5 na 6, lina pikseli sita. Wastani wa mistari ni 10.5, na wastani wa safu ni 5. Hapo ndipo kitovu.

Lakini mwanafunzi asifurahi upesi. Achukue karatasi ya mraba, apake rangi vijisanduku vitano vinavyofanya pembe: mstari wa 1 katika safu za 1, 2 na 3, kisha safu ya 3 katika mistari ya 2 na 3. Wastani wa mistari ni 8 kwa 5, yaani 1.6, wastani wa safu ni 12 kwa 5, yaani 2.4. Kijisanduku kilicho karibu zaidi na nukta hiyo ni kile cha mstari wa 2 na safu ya 2, nacho hakikupakwa rangi! Kitovu kimeanguka uani, nje ya nyumba. Majengo ya namna hiyo, yaliyokunja pembe kuuzunguka ua, yamo katika mji wa Garissa kama yalivyo katika miji mingine; na anayetaka nukta yake iwe juu ya paa hasa, hana budi kutumia njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ndiyo inayotatua pia tatizo lililo kubwa zaidi, la vitu vinavyogusana. Nyumba mbili za mviringo zilizojengwa ubavu kwa ubavu huonekana kwa mashine kuwa kipande kimoja chenye umbo la namba 8. Kitovu chake huangukia katikati ya nyumba mbili, mahali ambapo hapana mtu alalaye, na hesabu husema moja. Rosenfeld na Pfaltz walifundisha katika andiko lilo hilo la mwaka 1966 kwamba kila pikseli ya paa yaweza kupewa namba ya hatua zinazohitajika kutoka hapo mpaka ukingoni. Pikseli ya ukingoni hupata 1, iliyo ndani yake 2, na kadhalika. Namba hizo zikifikiriwa kuwa ni vimo, paa hugeuka kilima. Na umbo la namba 8 hugeuka vilima viwili vyenye bonde jembamba baina yao. Kila kilele ni kitovu cha nyumba moja, na kilele hakiwezi kuwa nje ya paa.

Mwaka 1979 Wafaransa Serge Beucher na Christian Lantuéjoul walionyesha njia ya kuchora mpaka baina ya vilima hivyo. Vigeuze juu chini, na kila kilima kitakuwa kama lambo la kunyweshea mifugo. Acha maji yapande polepole kutoka katika sakafu ya kila lambo. Na mahali ambapo maji ya malambo mawili yanataka kukutana, jenga ukuta. Ukuta huo ndio mpaka wa nyumba na nyumba. Njia hii ni nzuri, ila ina ugonjwa wake: paa refu lililopinda kidogo kando huonekana kuwa na vilele vitatu, na mashine hukata ghala moja kuwa nyumba tatu. Kwa hiyo mwenye kuandika amri huongeza sharti: kilele kisichopita kimo fulani kuliko bonde lililo jirani yake kisihesabiwe. Na sharti hilo hulichagua mtu, kwa kuujua mji anaouhesabu.

Maarifa haya yote yalikuwapo kabla ya kuwako picha za kuyatumia katika nchi kama Garissa. Setilaiti ya Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na kila pikseli ya picha zake ilichukua kiasi cha mita 80 kwa 80 za ardhi, yaani mita za mraba 6,400. Nyumba ya mviringo yenye kipenyo cha mita 4 huchukua mita za mraba zipatazo 12.6. Pikseli moja ya Landsat, basi, ni sawa na eneo la nyumba zaidi ya 500 za namna hiyo. Picha hiyo yaweza kuonyesha majani yalipostawi baada ya mvua; haiwezi kuonyesha nyumba. Mambo yaligeuka mwaka 1999, iliporushwa setilaiti ya Ikonos iliyoona kitu cha ukubwa wa mita moja. Zilizoifuata ziliona nusu ya mita, na hapo nyumba yetu ya mita 4 ikapata pikseli zipatazo 50. Zatosha kupata kitovu.

Mahali pamoja katika Afrika Mashariki ambapo elimu hii ilijaribiwa kwa makini palikuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole, katika wilaya ya Ngara nchini Tanzania, walikokaa watu waliokimbia kutoka Burundi. Mwaka 2003 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ulaya kilichoko Ispra, Italia, walichapisha kazi yao juu ya picha ya Ikonos ya kambi hiyo, wakilinganisha njia mbalimbali za mashine za kuyatenga mahema na vibanda na ardhi iliyoyazunguka. Kambi ilifaa kwa jaribio hilo, kwa kuwa wakimbizi huja upesi kuliko karani awezavyo kuandika, na chakula hakingoji.

Garissa ilikuwa na kambi kubwa kuliko hiyo. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, Ifo ilifunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab. Mwaka 1992 zikafuata Dagahaley na Hagadera. Zote tatu zilikuwa zimekusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011 ukame na njaa vilipoikumba Somalia, watu walivuka mpaka kwa maelfu, wakajenga vibanda nje ya mipaka ya kambi mahali popote palipopatikana, na Dadaab ikapita watu 460,000. Kambi za Ifo 2 na Kambioos zilifunguliwa ili kupunguza msongamano. Kambioos ilifungwa mwaka 2017, na Ifo 2 mwaka 2018. Tangu mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Salzburg, nchini Austria, wakishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, walianza kuhesabu makao ya wakimbizi kwa amri za kompyuta katika kambi za nchi nyingi, na Dadaab ilikuwa miongoni mwa walizozichunguza. Daktari aliyetaka kujua apeleke chanjo ngapi katika upande upi wa kambi alipewa ramani yenye nukta, moja kwa kila makao, na mahali zilipojaa nukta ndipo palipojaa watu.

Huko ndiko mashine ilikotiwa katika mtihani wa kweli. Hema jipya la turubai jeupe hung'aa, na kizingiti hulikamata bila shida. Lakini kibanda cha fito kilichofunikwa kwa nguo kuukuu na matambara ya plastiki kina rangi tatu juu ya paa moja, na mashine hukikata vipande. Kibanda kilichofunikwa na vumbi jekundu kwa miezi sita huwa na rangi ya ardhi, kikatoweka. Ua wa miiba huzunguka boma kwa duara, na programu isiyofundishwa huudhani ukuta wa jengo. Mti wa mathenge, ulioletwa kuzuia jangwa ukaenea mpaka ukawa adui wa malisho, hufunika vibanda kwa matawi yake. Katika kila jambo la haya, jicho la mtu aliyepata kukanyaga mchanga wa Dadaab lilishinda mashine, lakini jicho hilo lilichoka baada ya nyumba elfu chache.

Ndipo wataalamu walipogeuza njia. Badala ya kuiandikia mashine kila sharti, waliionyesha mifano mingi ili ijitafutie masharti yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa programu iitwayo U-Net, iliyokusudiwa kwanza picha za hadubini; na waliifundisha kwa kuipa adhabu kubwa zaidi ikikosea katika mpaka mwembamba baina ya chembe mbili za mwili zilizogusana. Chembe zilizogusana na vibanda vilivyogusana ni tatizo moja. Mwaka 2021 kituo cha utafiti cha Google kilichoko Accra, Ghana, kilitumia programu ya jamii hiyo juu ya picha za setilaiti za Afrika. Watu walikuwa wamechora kwa mikono majengo 1,750,000 katika picha 100,000 ili kuifundisha. Matokeo yalikuwa orodha ya majengo milioni 516, na kila jengo lilipewa umbo lake, eneo lake, kiasi cha uhakika wa mashine, na kitovu chake kwa digrii za latitudo na longitudo. Orodha hiyo iliachwa wazi kwa mtu yeyote; na mwaka 2023, ilipoongezwa nchi za mabara mengine, ilifika majengo bilioni 1.8. Hata hivyo watengenezaji wenyewe walikiri kwamba jangwani miamba huweza kudhaniwa majengo, na kwamba nyumba zilizojengwa kwa udongo na miti ya mahali hapo hujificha katika rangi ya nchi. Yaani, palipo na mapaa ya bati mashine huona vizuri. Palipo na nyumba ya mfugaji huona kwa shida.

Jambo hilo latupasa kulipima. Maskini kuliko wote, na wahamaji kuliko wote, ndio walio wagumu kuonekana kutoka juu, kama vile walivyokuwa wagumu kuandikwa katika daftari. Mashine iliyofundishwa kwa mifano mingi ya miji na michache ya nyika itawapunguza watu wa nyika bila chuki yoyote, nasi tutaiamini kwa sababu haina chuki. Tena picha ina tarehe yake. Boma lililopigwa picha Januari laweza kuwa tupu Machi, na familia ile ile ikaonekana mahali pengine katika picha nyingine; itahesabiwa mara mbili, au isihesabiwe kabisa.

Juu ya yote, paa si mtu. Chini ya nukta moja yaweza kuwa bibi kizee peke yake, au mama na watoto tisa, au magunia ya mahindi. Ili kutoka idadi ya mapaa hadi idadi ya watu, lazima mtu aende kwa miguu katika nyumba chache zilizochaguliwa vema, abishe hodi, aulize, na kuandika wastani. Wastani huo ukikosewa kwa mtu mmoja tu, katika nyumba 50,000 kosa ni watu 50,000. Vitovu, hata vikiwa sahihi vyote, haviwezi kulisahihisha. Wala tusisahau kwamba orodha ya vitovu vya nyumba, inayomwongoza daktari, yaweza kumwongoza pia mtu mwenye nia mbaya. Katika nchi ya mpakani jambo hilo si la kupuuzwa.

Je, njia hii ingeuzima ugomvi wa mwaka 2009? Peke yake isingeweza. Ingeweza, hata hivyo, kuuweka mahali pazuri zaidi. Mtu akisema kwamba wilaya fulani ina watu mara mbili ya walioandikwa, picha ya mwaka ule ule huweza kuulizwa: makao yao yako wapi? Na waziri akisema kwamba watu wale hawapo, picha ile ile huweza kuulizwa: mapaa haya ni ya nani? Pande zote mbili zingekuwa na kitu kimoja cha kutazama pamoja, na kila nukta ingeweza kuendewa na kukaguliwa. Hesabu isiyoweza kukaguliwa huishia katika nguvu ya msemaji. Hesabu ambayo kila nukta yake ina mahali pake juu ya ardhi yaweza kupingwa kwa haki, na kusahihishwa.

Mwanafunzi anayesoma hisabati na kuuliza itamfaa nini, na apake rangi karatasi yake ya mraba, atafute wastani wa mistari na wa safu, ajaribu umbo la duara, la pembe, na la namba 8. Atakuwa amefanya kwa penseli yale yanayofanywa juu ya picha za Dagahaley na Hagadera. Kisha akumbuke kwamba kazi ikiisha kwenye karatasi haijaisha Dadaab. Huko kila nukta yangoja mtu wa kwenda mpaka mlangoni, kuuliza waliomo ni wangapi, na kuwaandika wote.